Gundi Juu ya Rangi

Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi, ingawa Wizara ilikuwa imetangaza jua tangu Jumatano kwa heshima ya ziara ya Mheshimiwa Waziri. Redio ya Taifa ilisema jua linawaka. Nilivaa koti la mvua juu ya nguo za sherehe, nikamshukuru Mungu kwa mvua yake na Serikali kwa jua lake, nikatoka kwenda darasani.

Naitwa Mama Sikitu. Mchana nafua mashuka ya hospitali, jioni nasoma darasa la watu wazima, ambako mimi ndiye ninayefungua kipindi kwa sala. Nina miaka hamsini na sita, na kusoma nimejua mwaka juzi. Nayaandika haya kama nilivyoyaona. Sikuongeza neno, kwa sababu kuongeza ni dhambi, na katika nchi yetu hakuna haja ya kuongeza.

Darasa letu liko ghorofa ya chini ya Jumba la Hekima. Juu yetu ni Hifadhi ya Taifa ya Hotuba. Sheria inasema kwamba kila hotuba ya Kiongozi Mkuu, ya waziri, ya mkuu wa wilaya na ya yeyote aliyewahi kushika kipaza sauti kwa niaba ya Serikali lazima ichapwe nakala mia moja, ifungwe kwa jalada gumu, na itunzwe milele. Haisemi isomwe. Kutoa hata nakala moja ni kosa linaloitwa kupunguza mawazo ya taifa, na adhabu yake ni kifungo. Kwa hiyo miaka kumi na tisa hotuba zimepanda ngazi na haijawahi kushuka hata moja. Hotuba za kuzindua bomba la maji la soko kuu zimejaza makabati sita. Bomba lenyewe bado linasubiri maji.

Kati ya mawazo hayo yote na vichwa vyetu kulikuwa na boriti moja ya zege, urefu wake mita nane. Nayo, miaka miwili iliyopita, ilipata ufa katikati.

Wa kwanza kuuona alikuwa jirani yangu wa dawati, Mzee Kibwana Chamwela, muuza supu ya kongoro, mwenye miaka sitini na minane na mdomo usio na mlango. Alipanda juu ya dawati, akaingiza ncha ya rula kwenye ufa, rula ikaingia hadi namba mbili.

"Mwalimu," akasema, "huu ufa umefaulu kuliko mimi. Mimi bado niko namba moja."

Mwalimu wetu wa hesabu ni Mhandisi Tulinagwe. Mchana ni mtumishi wa Wizara ya Uimara, jioni anatufundisha bila malipo. Hakucheka. Siku ya pili alileta kipande chembamba cha kioo, akakibandika kwa plasta juu ya ufa, ng'ambo hii na ng'ambo ile.

"Kioo hakijui kunyumbuka," alitueleza. "Kikivunjika, mjue ufa unatembea."

Kilivunjika siku ya nne. Akabandika kingine, kikavunjika siku ya pili. Akaandika ripoti.

Wizara haikulala. Ilituma kamati ya watu kumi na mmoja, wenye kofia za plastiki ambazo bado zilikuwa na karatasi za dukani. Walikitazama kioo kwa saa tatu. Ufa hawakuutazama, kwa sababu haukuwemo kwenye hadidu za rejea. Waliona kwamba kioo kile kilikuwa dhaifu, chenye tabia ya kuvunjika ovyo na kuzua hofu, wakaagiza kiondolewe na mahali pake pawekwe kipande cha mpira. Mpira haukuvunjika. Ulivutika tu, kila wiki zaidi kidogo, kwa utii. Baada ya miezi sita kamati iliandika: "Tangu hatua hii ichukuliwe, hali ni tulivu."

Niliwaombea wale watu kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina na cheo chake. Ilinichukua muda, kwa sababu wote walikuwa madaktari.

*

Mhandisi Tulinagwe alitufundisha habari ya boriti kwa andazi la juzi. Alilishika ncha mbili, akalikunja polepole. Juu lilijikunjakunja, chini likapasuka.

"Mnaona? Boriti ikielemewa, juu inabanwa, chini inavutwa. Zege linavumilia sana kubanwa. Kuvutwa haliwezi. Ndiyo maana tunalaza nondo upande wa chini. Nondo zikizidiwa, tunabandika bamba la chuma upande ule ule, au kitambaa cha nyuzi za kaboni, kisaidie kuvuta."

"Kumbe zege ni kama mwananchi," akasema Mzee Kibwana. "Kubanwa limezoea."

"Mzee, andika," akasema Mhandisi.

Kazi ile, alisema, ina hatua tatu kabla ya gundi yoyote. Kwanza, shusha mzigo. Pili, egemeza boriti kwa nguzo za muda. Tatu, kwangua mpaka zege libaki tupu, safi na kavu. Ukishabandika, kazi imekwisha. Nami nikaandika kwenye daftari: shusha, egemeza, kwangua. Aliyapeleka maneno hayo matatu Wizarani. Yalirudi mawili. La kwanza lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa: "Hotuba hazishuki. Mwandishi aonywe."

La pili nalo lilikwama. Nguzo za muda, walisema, zingeonekana kwenye picha, na taifa imara haliwezi kupigwa picha likiwa limeegemea kitu.

Likabaki swali la chuma au nyuzi, na kwa miezi tisa Wizara iligawanyika. Wakubwa wenye mvi walitaka chuma. "Nchi hii ilijengwa kwa chuma," walisema, nao wote walikuwa na hisa katika neno hilo. Wakubwa wenye suti za kubana walitaka nyuzi. Walizunguka na kipande cha kitambaa cheusi, chembamba kama cha mwavuli, wakisema ni chepesi kuliko chuma na kinavuta kuliko chuma, kama wao wenyewe. Mwishowe Kiongozi Mkuu aliamua kwa hekima: nusu ya kushoto ya boriti ipewe chuma, nusu ya kulia ipewe nyuzi, na pande mbili zikutane kwenye ufa katika hali ya udugu.

Mhandisi Tulinagwe aliposoma uamuzi huo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Halafu akatufundisha kugawanya kwa desimali.

*

Yeye na mafundi wawili walikwangua boriti siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu. Mpira wa kamati tu, uliokuwa ubavuni mwa boriti, hawakuruhusiwa kuugusa. Vumbi lilitujaa masikioni. Jumatatu jioni zege lilikuwa tupu kabisa, la kijivu, unaona hata kokoto. Alilipapasa kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Alitabasamu mara ya kwanza tangu kioo kivunjike.

Jumanne asubuhi akaja Bwana Mkumbaru, Afisa Itifaki, na wachoraji saba na ndoo.

Lazima nieleze desturi. Katika nchi yetu, mahali atakapofika mkubwa hupakwa rangi. Hupakwa mawe ya barabarani, mashina ya miti, nguzo za umeme. Mwaka ule Kiongozi Mkuu alipotembelea wafugaji, zilipakwa hata kwato za ng'ombe. Kijiji kinaweza kukosa zahanati na hakuna atakayeulizwa, lakini kikikosa rangi, mwenyekiti hulala ndani.

"Hili zege mbona liko uchi?" Bwana Mkumbaru akauliza. Mimi nilikuwepo, nikifagia vumbi.

"Linasubiri gundi, Bwana Mkumbaru," akasema Mhandisi.

"Mheshimiwa asimame mbele ya kitu kilicho uchi? Na televisheni ya Taifa iko mubashara? Pakeni!"

"Wakipaka, kazi yote imeharibika. Gundi inashika kile inachokigusa. Ikigusa rangi, itashika rangi."

"Vizuri. Na rangi imeshika nini?"

"Ratiba yako."

Walipaka mikono mitatu: zambarau, manjano, na zambarau tena. Ilipendeza sana. Mhandisi alisimama nje kwenye veranda mpaka walipomaliza. Nilitoka nikamshika bega. "Mama Sikitu," akaniambia, "kitambaa kile kinaweza kuvuta lori. Sasa kitavuta ngozi nyembamba kama ya vitunguu. Na bamba la chuma peke yake ni nusu ya boriti. Nusu ya boriti si boriti."

Alhamisi bamba la chuma lilifungwa kwa bolti, na kitambaa kilibandikwa juu ya rangi kwa amri ya maandishi. Bwana Mkumbaru akaleta cheti cha uimara, akampa kalamu.

"Sitii sahihi," akasema Mhandisi.

"Kesho baada ya sherehe utatia. Usipotia, Jumatatu utaripoti Kituo cha Kupima Upepo, kisiwani."

"Kisiwa gani?"

"Kitatafutwa."

Halafu alitugeukia sisi, wanafunzi thelathini na wanane. Alitukumbusha kwamba mtihani wetu wa taifa ni Jumatatu saa mbili, katika chumba hiki, ambacho ndicho kituo pekee cha watu wazima katika jimbo. Asiyeketi hapa anafutwa kwenye daftari, na daftari hufunguliwa tena baada ya miaka mitano.

"Miaka mitano!" akasema Mzee Kibwana. "Mimi nikinunua kongoro la wiki naona nimejiamini."

Hakuna aliyecheka. Tulitazama juu. Kila mmoja wetu alikuwa ameacha kitu ili afike pale. Mimi niliacha usingizi. Mwenzetu mmoja alikuwa anajificha kwa mumewe, akidai anaenda kwenye matanga, hata watu wa mtaani wakaanza kushangaa ukoo unaokufa hivyo. Sasa tuchague: cheti au vichwa.

Jioni ile nilipiga magoti. Nilimwambia Mungu, "Wewe unajua hotuba zilizoko juu, maana nadhani ni Wewe peke yako uliyewahi kuzisikiliza zote. Niambie la kufanya." Malaika hakuja. Iliyokuja ni ratiba ya sherehe, iliyochapwa kwa rangi mbili. Namba tatu: Hotuba ya Mheshimiwa Waziri. Namba nne: Sala ya kubariki boriti, Mama Sikitu, dakika moja. Namba tano: Kupandisha hotuba za mwaka mpya, maboksi mia mbili.

Niliisoma mara mbili, kwa furaha ya mtu anayejua kusoma.

*

Mheshimiwa Daktari Kandidus Matwiga, Waziri wa Uimara, ni mtu mpana, mwenye sauti ya ngoma na shingo iliyojaa kola. Meza yake ya hotuba iliwekwa mlangoni, mbali na boriti, kwa sababu za mwanga. Mwanga wenyewe ulikuwa taa, kwani nje lilikuwepo lile jua la Wizara, likinyesha.

"Zamani," alisema, "boriti ilibeba jengo. Hayo ni mawazo ya kikoloni. Leo boriti inabebwa na sera!"

Tulipiga makofi. Bwana Mkumbaru alikuwa akitupa ishara kwa leso.

"Wapo wanaosema kuna ufa. Nawauliza: ufa uko wapi? Mimi naona zambarau. Mimi naona manjano. Anayeona ufa katikati ya rangi za taifa, huyo macho yake yanafadhiliwa na nani?"

Makofi. Alizungumza saa mbili na dakika kumi. Alilinganisha chuma na uti wa mgongo wa Kiongozi Mkuu, na nyuzi na nywele zake. Mhandisi Tulinagwe alikuwa kwenye veranda. Alikuwa ameazima kwa mjenzi mmoja nguzo za chuma kumi na mbili za kuegemezea, nazo zililala pale kwenye mvua, kwa kuwa zilizuiwa mlangoni kwa kukosa kadi ya mwaliko.

Kabla Mheshimiwa hajamaliza, lori la maboksi lilifika. Kwa sababu jua lilikuwa limetangazwa, hakuna aliyeleta turubai. Hotuba zikaanza kulowa. Wapagazi wakaambiwa wasisubiri namba tano, wapandishe haraka. Tukaanza kuwasikia juu: hatua, hatua, kisha *puu*. Hatua, hatua, *puu*.

Ndipo nikaitwa.

Nilisema: "Mheshimiwa, huwezi kumbariki mtoto ukiwa umesimama kwa jirani. Tusogee chini ya boriti, tushikane mikono."

Alimtazama Bwana Mkumbaru. Bwana Mkumbaru aliitazama kamera. Katiba yetu inaanza kwa jina la Mungu, na kamera ilikuwa mubashara. Tena kuna jambo ambalo nchi nzima inalijua: anayeachia mkono kabla ya Amina huhesabiwa amekataa kinachoombwa. Naibu waziri mmoja aliachia mkono kwenye sala ya kuiombea afya ya Kiongozi Mkuu, kwa ajili ya kukohoa tu, na kabla ya magharibi ofisi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Mheshimiwa alisogea. Alisimama katikati hasa, mahali chuma na nyuzi zilipokutana kwa udugu. Mkono wake wa kushoto niliushika mimi, wa kulia Mzee Kibwana. Mikono yangu imekamua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini. Nayasema haya ili msomaji aelewe kwamba sikumbana mtu kwa makusudi. Ndivyo ilivyo.

Tukafumba macho. Mheshimiwa alifumba moja.

"Ee Baba," nikaanza, "tunakushukuru kwa boriti hii. Tunakushukuru kwa aliyechimba mchanga wake. Na kwa aliyeuchekecha."

*Puu*, juu.

"Tunakushukuru kwa kila nondo, moja moja..."

*Puu*. Kisha sauti nyingine, ndogo, kama mtu anayemenya muhogo. Kipande cha rangi ya zambarau kiliteremka kikatua begani kwa Mheshimiwa.

"Mama," alininong'oneza, "sema Amina."

"Bado, Mheshimiwa. Bado tuko kwenye shukrani. Mahitaji hatujafika."

"Ratiba inasema dakika moja!"

"Hata wewe ulipewa dakika ishirini, Mheshimiwa," akanong'ona Mzee Kibwana. "Mungu asikie yupi?"

Nikaendelea. Niliwaombea wagonjwa wa wilaya zote, kwa mpangilio wa alfabeti, ambayo nimejifunza darasani humo humo. Nilipofika herufi ya K, ncha ya kitambaa cheusi ilibanduka kwenye boriti, pale penye ufa, ikaning'inia mbele ya uso wa Mheshimiwa. Mgongoni mwake ilibeba rangi ya taifa, zambarau na manjano, ikiwa imeshikana na gundi vizuri kabisa. Zege nyuma yake lilikuwa tupu na kavu. Gundi ilikuwa imefanya kazi yake yote. Haikudanganya mtu.

Mheshimiwa alifumbua na jicho la pili. Juu walitua boksi jingine, na ule mpira wa kamati, ambao kwa miaka miwili ulivutika kwa utii, ulikatika *pwa* ukampiga paji la uso.

"Tulinagwe!" akaita, sauti imepanda. "Mhandisi yuko wapi? Hii ni nini?"

"Ni rangi, Mheshimiwa," Mhandisi akajibu kutoka mlangoni. "Imeimarishwa."

"Itaanguka?"

"Wakizidi kupandisha, ndiyo. Lini, sijui. Kilichokuwa kinapima kilikuwa kioo."

Mheshimiwa alijaribu kuvuta mkono. Nilidhani anatetemeka kwa kuguswa na Roho, nikamshika vizuri zaidi. "Baba," nikasema, "sasa tunaleta mahitaji. Tunaomba hotuba zishuke kabla ya Jumatatu."

"Naahidi!" akasema haraka. "Zitashuka. Naahidi. Amina."

Mzee Kibwana aliguna. "Mama Sikitu, huyu ndiye aliyetuahidi kivuko."

"Kivuko kipo kwenye mpango!"

"Mto ndio haupo, Mheshimiwa."

Ni kweli. Nikaona nimeomba vibaya. Ahadi ya waziri ni kama ile rangi: inakaa juu ya kitu, haijashika kitu. Nilimwomba Mungu anionyeshe pa kukwangua, nikaendelea, bila haraka, kwa sauti ile ile.

"Baba, tunaomba Jumatatu mtumishi wako Kandidus asituache peke yetu. Aje aketi nasi, mahali hapa aliposimama, mtihani wote. Tuna masomo matano, Baba. Ni muda wa saa kumi na moja, ukiondoa chakula."

Juu, mpagazi alikuwa anakuja: hatua, hatua. Nilisikia jasho la Mheshimiwa likipita kati ya vidole vyangu. Tone moja lilianguka sakafuni.

"Wewe mpagazi!" akapiga kelele kuelekea darini. "Usitue! Usitue hilo boksi! Rudi nalo chini! Shusheni! Shusheni zote, shusheni hata za Kiongozi... shusheni tu! Mkumbaru, ingiza hizo nguzo!"

"Hazina kadi, Mheshimiwa..."

"Ingiza!"

Nguzo ya kwanza ilipita mlangoni, ikidondosha maji. Mhandisi Tulinagwe aliisimamisha hatua mbili kutoka tulipokuwa, akaanza kuizungusha skrubu yake polepole, macho juu. Hakututazama.

"Sasa Amina, Mama," Mheshimiwa akaniomba. "Tafadhali."

"Baba anasubiri jibu la Jumatatu," nikasema.

"Naahidi kuja."

"Kwa sauti, Mheshimiwa," akasema Mzee Kibwana. "Mashahidi wa nyuma wameshika kalamu na hawajasikia."

Ni kweli walikuwa wameshika. Watu thelathini na sita waliobaki walikuwa wameachiana mikono, Mungu awasamehe, wakafungua madaftari. Miaka mitatu iliyopita hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuandika jina lake. Kamera ya Taifa ilikuwa imemkazia macho Waziri. Juu ya vichwa vyetu boriti ilitoa mlio mfupi, kama mtu mzima anayejigeuza kitandani, na Mheshimiwa akainua uso, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake ya ngoma, neno kwa neno, ili kila kalamu imfikie:

"Mimi, Kandidus Matwiga, Waziri wa Uimara, naahidi mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi hawa: Jumatatu saa mbili asubuhi nitaketi hapa, dawati la katikati, chini ya boriti hii, tangu karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho, na hotuba zote zitakuwa zimeshuka, zangu zikitangulia."